Vitafunio vya Mtoto Mdogo Safarini

Somo hili limekusudiwa mzazi au mlezi anayesafiri kwa basi pamoja na mtoto mwenye umri wa mwaka mmoja hadi mitatu. Mtoto aliye chini ya miezi sita hahusiki nalo, kwa kuwa maziwa ya mama humtosha kwa chakula na kwa maji, hata safari ikiwa ndefu na jua likiwa kali. Wala mtoto mkubwa, awezaye kula wali wa hotelini na kusema ameshiba, hahitaji mwongozo wa pekee. Kati ya hao wawili yupo mtoto ambaye ameshatambua ladha lakini hajaota magego ya kutosha, ambaye hukinyoshea kidole kila kinachouzwa dirishani, na ambaye tumbo lake halijui ratiba ya basi.

Tumbo hilo ndilo chanzo cha suala lote. Wataalamu wa lishe hukadiria kwamba tumbo la mtoto mdogo hubeba takribani gramu 30 za chakula kwa kila kilo moja ya uzito wake. Mtoto wa kilo 10, basi, hujaa kwa gramu 300 hivi, kiasi cha bakuli dogo, na baada ya saa chache huwa na njaa tena. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani limekuwa likielekeza kwamba mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili apewe milo mitatu hadi minne kwa siku, pamoja na kitafunio kimoja au viwili kati ya milo, huku akiendelea kunyonya. Mtu mzima aweza kupanda basi alfajiri na kula mchana bila madhara yoyote. Kwa mtoto, mwanya huo ni sawa na kurukwa mlo na kitafunio. Kifurushi cha chakula chake, kwa hiyo, si anasa, wala si njia ya kumnyamazisha ili abiria wengine wasinzie.

Safari mbili zenye mwanzo mmoja

Tuchukue mfano wa mama aishiye Lingeka, Bariadi, mkoani Simiyu, mwenye mtoto wa miezi 18. Safari zake ni za namna mbili. Mara nyingine huenda Mwanza kwa shughuli za siku moja au mbili. Mara moja kwa mwaka huenda Dar es Salaam kuwaona ndugu. Zote huanza vivyo hivyo: pikipiki au gari dogo hadi stendi ya Bariadi, kungoja, kisha basi.

Njia ya Mwanza hushuka hadi Lamadi, inapokutana na barabara itokayo Musoma, kisha hupita Nyashimo na Magu. Hiyo ni safari ya sehemu ya siku. Njia ya Dar es Salaam hupita Maswa, Shinyanga, Nzega, Singida, Dodoma na Morogoro, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000. Kwa kuwa sheria haimruhusu dereva wa basi kuzidi kilomita 80 kwa saa, hesabu ndogo yatuonyesha kwamba hata basi lisiposimama popote haliwezi kumaliza mwendo huo chini ya saa 12 na nusu. Nalo husimama: kwenye mizani, vituoni, hotelini, na mahali ambapo konda peke yake ndiye ajuaye sababu. Tena tangu mwaka 2023 mabasi ya masafa marefu yaliporuhusiwa kusafiri usiku, sehemu ya safari yaweza kuwa gizani, wakati mama haoni vizuri mtoto anatia nini kinywani.

Kifurushi cha safari ya kwanza na cha safari ya pili havifanani. Wengi hudhani tofauti ni wingi tu, kwamba kwa Dar es Salaam hubebwa chakula kilekile mara tatu. La hasha. Tofauti ni saa.

Saa ya chakula huanza jikoni

Vijidudu viletavyo magonjwa ya tumbo huongezeka haraka katika chakula kilicho kati ya nyuzi joto 5 na 60. Ndani ya mfuko uliowekwa mapajani au chini ya kiti, chakula hukaa katikati kabisa ya kiwango hicho. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kuhusu usalama wa chakula ni kwamba chakula kilichopikwa kisikae katika joto la kawaida kwa zaidi ya saa mbili.

Sasa itazame desturi yetu. Basi linaondoka saa 11 alfajiri. Mama, kwa kuogopa kuchelewa, anapika wali na nyama saa 4 usiku, anaviweka kwenye kontena, anafunika, analala. Basi linapowasha injini, chakula hicho kina umri wa saa saba. Mtoto atakapokipewa saa 3 asubuhi, kitakuwa na umri wa saa 11. Hakitanuka, yumkini hata ladha haitabadilika, na hapo ndipo penye hatari, kwa sababu pua zetu hutambua chakula kilichooza lakini hazitambui chakula kilichoambukizwa.

Saa ya chakula, basi, huhesabiwa tangu kilipotoka motoni, si tangu basi lilipotoka stendi. Ukilishika hili, mengine yote hujipanga yenyewe. Chakula kilichopikwa na chenye majimaji kiwe cha kwanza kuliwa, au kiliwe nyumbani kabla ya kuondoka. Kinachofuata ni kile kilichohifadhiwa na ganda lake. Cha mwisho ni kikavu. Uji uliomiminwa ukiwa unachemka ndani ya chupa ya chai iliyosafishwa na kusuuzwa kwa maji ya moto hubaki na joto la kutosha kwa saa kadhaa, mradi chupa haifunguliwi kila mara. Ukiufungua ukaukuta ni vuguvugu tu, muda wake umekwisha au u karibu kwisha.

Yai la kuchemsha lichemshwe alfajiri hiyohiyo, libebwe na ganda lake, liliwe mapema. Kiini chake hukauka na kushika kooni, kwa hiyo kimegwe vipande vidogo na mtoto anyweshwe maji kati ya tonge na tonge. Maziwa yasiyochemshwa yasibebwe kabisa, hata yakiwa ya ng'ombe wa nyumbani ambaye mama mwenyewe anamkamua. Uaminifu wa mwenye ng'ombe hauondoi vijidudu vya homa ya kutupa mimba wala kifua kikuu cha ng'ombe. Maziwa ya pakiti ndogo yaliyosindikwa kwa joto kali hufaa safarini, ila pakiti ikifunguliwa iishe papo hapo. Kinachobaki anywe mama.

Yaliyomo nyumbani

Usukumani pana chakula cha safari kilichobuniwa zamani, kabla ya mabasi, nacho ni viazi vitamu vilivyokaushwa. Vikikatwa vibichi na kuanikwa huitwa michembe. Vikichemshwa kwanza, vikakatwa, ndipo vikaanikwa, huitwa matobolwa. Michembe huhitaji kupikwa tena, hivyo haifai ndani ya basi. Matobolwa huliwa vilevile yalivyo. Hayana maji ya kustawisha vijidudu, hayamwagiki, hayapondeki, na utamu wake ni wa kiazi chenyewe bila sukari ya dukani. Ni vigumu kupata dukani kitafunio cha kuyazidi kwa safari ya Dar es Salaam.

Lakini yana sharti. Tobolwa lililokauka sana ni gumu na hunata, nalo laweza kumkwama mtoto. Kwa mtoto wa miezi 18 lilowekwe katika maji ya moto ya chupa ya chai mpaka lilainike, kisha limegwe kwa vidole. Lililolowekwa limekwisha kuwa chakula chenye maji, saa yake imeanza kuhesabiwa, na halirudi mfukoni. Tena yanunuliwe au yaanikwe mahali pasipo vumbi na mifugo. Anika juu ya chanja au mkeka safi, si juu ya ardhi tupu wala juu ya mwamba anaopita mbuzi.

Wenye viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa ndani, watumie hivyo, kwa kuwa vina vitamini A kwa wingi kuliko vile vyeupe. Hata vikichemshwa tu bila kuanikwa, vikabebwa na maganda yake, vyatosha kwa kitafunio cha kwanza cha safari ya Mwanza.

Ndizi mbivu haina mpinzani. Ganda lake ni kifungashio kisicholipiwa, humenywa kwa mkono mmoja, nayo ni laini. Chungwa, embe na parachichi hufuata, kwa sharti kwamba vioshwe nyumbani kabla ya kubebwa na vimenywe wakati wa kula. Chapati kavu isiyo na mafuta mengi, ikatwe vipande vyembamba, husaidia mtoto aliyechoshwa na vitu vitamu. Dagaa wa Ziwa Victoria waliosafishwa, wakakaangwa bila mafuta na kusagwa, huweza kuchanganywa nyumbani katika kiazi kilichopondwa, ili mlo wa mwisho kabla ya kuondoka uwe wenye kushibisha kweli na si wanga mtupu.

Jambo moja dogo: basi si mahali pa kumwonjesha mtoto chakula ambacho hajawahi kukila. Akivimba midomo au kutokwa na vipele baina ya Igunga na Singida, msaada u mbali.

Karanga

Hapa hapana budi kukaa kidogo, kwa kuwa karanga ni mazao yetu, ni chakula bora, ni rahisi, na ndicho kitafunio ambacho abiria wa kiti cha pili humpa mtoto wa mwenzake kwa ukarimu bila kuuliza.

Mtoto wa miezi 18 ana meno ya mbele ya kukata. Magego ya kwanza huota kati ya miezi 13 na 19, na ya pili huendelea kuchomoza hadi karibu na miezi 33. Kwa hiyo mtoto huyu aweza kuikata karanga vipande viwili, lakini hawezi kuisaga. Hubaki na kipande kigumu, laini kwa nje, kinachoteleza, chenye ukubwa wa kutosha kuziba njia ya hewa ambayo ni nyembamba. Barabara ya matuta, dereva anayefunga breki, mtoto anayecheka au kulia huku kinywa kimejaa: kila kimoja humfanya avute pumzi kwa ghafla, na pumzi hiyo huivuta karanga. Kwa sababu hiyo mtoto wa chini ya miaka mitano asipewe karanga nzima, wala korosho nzima. Karanga zilizosagwa laini na kuchanganywa katika uji au kupakwa kwa wembamba juu ya chapati ni salama. Bonge la siagi ya karanga si salama, kwa kuwa hunata kooni.

Wenzake karanga katika hatari hii ni bisi, kashata, ubuyu wenye mbegu, pipi ngumu, zabibu nzima, vipande vya muwa na mahindi ya kuchoma. Haifai kuvipiga marufuku nyumbani kwa mtoto wa miaka sita kwa sababu ya mdogo wake, ila ndani ya basi kaka akila bisi, mdogo ataokota zilizoanguka kitini. Heri wote wawili wale ndizi.

Mtoto alishwe akiwa ameketi wima na ameamka. Asilishwe akisinzia, na mama asikubali kumwachia chakula mkononi gizani.

Ikitokea amepaliwa, mtazame kwanza. Anayekohoa kwa nguvu na kwa sauti aachwe akohoe, kwani kikohozi chake kina nguvu kuliko mkono wa mtu. Akikosa sauti, akashindwa kulia, midomo ikaanza kubadilika rangi, piga kelele basi lisimame, mlaze kifudifudi mapajani kichwa kikiwa chini ya kifua, mpige mara 5 kwa kiganja katikati ya mabega. Kisipotoka, na mtoto ana zaidi ya mwaka mmoja, piga magoti nyuma yake, weka ngumi kati ya kitovu na mwisho wa mfupa wa kifua, vuta ndani na juu mara 5. Mtoto wa chini ya mwaka tumbo lake lisibonyezwe. Yeye hubonyezwa kwa vidole viwili katikati ya kifua, mara 5. Rudia kwa zamu, mgongo kisha tumbo au kifua, mpaka kitu kitoke. Akizimia, mlaze chali juu ya kitu kigumu na kuanza kumbonyeza kifua na kumpulizia pumzi mpaka msaada upatikane. Usitie kidole kinywani kutafuta usichokiona, maana utakisukuma ndani zaidi.

Liko jambo ambalo wazazi wengi hawaambiwi. Mtoto aliyepaliwa, akatulia, kisha kwa siku kadhaa akawa na kikohozi kisichoisha au pumzi yenye mluzi, yawezekana karanga haikutoka bali imeshuka katika tawi la pafu. Dawa ya kikohozi haitaiondoa. Ni lazima apelekwe hospitali, na mzazi amweleze daktari wazi kwamba mtoto alipaliwa na karanga safarini. Bila maelezo hayo ataonekana kama mgonjwa wa nimonia.

Upo na upande wa pili wa karanga, nao ni sumukuvu. Hiyo ni sumu itengenezwayo na ukungu katika karanga na mahindi yaliyokauka vibaya au kuhifadhiwa penye unyevu. Haionekani kwa macho, na kuchemsha au kukaanga hakuiondoi. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, mlipuko wa ugonjwa uliosababishwa na sumukuvu katika mahindi uliwapata watu 68, na 20 kati yao walifariki dunia. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa katika Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 za jumla ya sumukuvu kwa kila kilo ya mahindi au karanga, jambo ambalo mama hana namna ya kulipima jikoni. Aliwezalo ni kuchambua: kutoa zilizosinyaa, zilizovunjika, zilizobadilika rangi na zenye ukungu, na kuzitupa, si kuzisaga. Karanga mbovu husagwa kwa sababu kinu huficha. Ndiyo maana unga wa lishe wa mchanganyiko ununuliwe ule wenye alama ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, na si ule uliopimwa kwa kopo kutoka gunia lisilojulikana asili yake.

Kununua dirishani

Hakuna atakayesafiri kutoka Bariadi hadi Dar es Salaam bila kununua kitu njiani, wala mwongozo huu haumzuii. Wachuuzi wa stendi ni watafutaji riziki kama sisi, na wengi wao huuza vitu vizuri. Suala ni kuchagua. Nunua chenye ganda: ndizi, chungwa, yai ambalo halijamenywa na lingali na joto. Acha kilichokwisha kumenywa na kukatwa, kwa kuwa hujui kisu wala maji yaliyokioshea. Mwaka 2024 Simiyu ilikuwa miongoni mwa mikoa iliyokumbwa na kipindupindu, ugonjwa unaoenea kwa maji na chakula kilichochafuliwa. Kipande cha tikiti kilichokaa juu ya beseni tangu asubuhi ni njia yake iliyo fupi kabisa. Juisi za rangi na soda hazimfai mtoto wa chini ya miaka miwili kwa namna yoyote. Katika mwongozo wake wa mwaka 2023 kuhusu kulisha watoto wa miezi 6 hadi 23, Shirika la Afya Duniani limesema vinywaji vyenye sukari visitumike.

Bidhaa za pakiti zina maandishi, na maandishi hayo yamewekwa ili yasomwe. Tazama jina na anwani ya mtengenezaji, uzito halisi, namba ya toleo, alama ya ubora na tarehe. Herufi MFG hutangulia tarehe ya kutengenezwa, na EXP hutangulia tarehe ya kuisha muda. Tarehe iliyofutika au kubandikwa juu ya nyingine ni sababu tosha ya kurudisha pakiti. Kama umeandikwa mfululizo wa tarakimu kama 03/04/26, usikisie. Itazame tarehe nyingine iliyo karibu nayo ili kujua kipi ni siku na kipi ni mwezi. Pakiti iliyovimba au kopo lililobonyea visinunuliwe hata kwa nusu bei. Na basi linapoanza kuondoka huku mchuuzi akikimbia pembeni, hapana kusoma lebo hapo. Amua kabla, au acha.

Kuhusu bei, biskuti za pakiti ndogo hudanganya macho. Tuseme pakiti ya gramu 50 inauzwa shilingi 500, na ya gramu 200 inauzwa shilingi 1,500. Ya kwanza ni shilingi 10 kwa gramu, ya pili ni shilingi 7.50. Mnunuzi wa pakiti nne ndogo njiani amelipa shilingi 2,000 kwa kile ambacho angepata kwa 1,500 huko Bariadi mjini. Linganisha pia na kilo ya viazi vitamu sokoni, ndipo uamue kama biskuti ilihitajika.

Maji na ORS

Bebwa chupa mbili za maji: moja ya kunywa, iliyochemshwa au ya kiwandani yenye kifuniko kisichofunguliwa, na nyingine ya kunawa, pamoja na kipande cha sabuni. Zitie alama tofauti. Mtoto hushika kiti, sakafu na viatu, kisha hushika ndizi. Kufuta mikono kwa kitambaa kilekile kilichofuta pua si kunawa.

Pakiti mbili za ORS zina nafasi katika kila kifurushi, nazo huhitaji uangalifu wa pekee. Pakiti nyingi huchanganywa katika lita moja ya maji safi, ilhali chupa ya maji inayouzwa zaidi njiani ni ya nusu lita. Mzazi mwenye haraka humimina pakiti nzima humo. Mchanganyiko huo una chumvi maradufu na waweza kumdhuru mtoto ambaye tayari ameishiwa maji. Soma ujazo ulioandikwa kwenye pakiti. Ikiwa ni lita moja, tumia chupa mbili za nusu lita katika chombo kimoja. Kilichochanganywa kimwagwe baada ya saa 24. Mtoto apewe kwa kijiko, kidogo kidogo, na akitapika angoje dakika 10 kabla ya kuanza tena. Macho yakididimia, akakosa machozi, akalegea au kinyesi kikawa na damu, safari ikatishwe katika kituo cha kwanza chenye zahanati au hospitali. Nauli hulipwa tena.

Kufunga kifurushi

Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, na kwa chakula cha mtoto hasara si kubwa, kwa kuwa mfuko huo ulitunza joto na unyevu. Kontena dogo lenye kifuniko kinachobana, kikapu, na kitambaa safi cha pamba vyatosha. Weka kila mlo peke yake, ili kufungua kimoja kusichafue kingine, na uvipange kwa mfuatano wa kuliwa, cha kwanza juu. Kifurushi kikae mapajani au mbele ya miguu, mbali na buti la basi lenye joto na mafuta. Kabla ya kupanda, muulize konda mahali litakaposimama basi kwa chakula na kwa muda gani. Jibu lake ndilo litakaloamua mlo wa mchana utoke mfukoni au hotelini.

Bidhaa ikionekana ina kasoro

Ukikuta umeuziwa chakula kilichoisha muda au chenye kitu kigeni ndani, usikitupe. Hifadhi pakiti, kilichobaki, na risiti kama ulipewa. Piga picha ya namba ya toleo. Andika mahali na saa uliponunua. Usimamizi wa usalama wa chakula ulihamishiwa TBS mwaka 2019 kutoka iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa, na kwa mikoa yetu ofisi yake ya Kanda ya Ziwa ipo Mwanza. Kwa chakula kilichopikwa na kuuzwa stendini au hotelini, afisa afya wa halmashauri ndiye wa karibu zaidi. Udanganyifu katika biashara, kama vile bidhaa bandia, hupelekwa Tume ya Ushindani, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2003. Malalamiko yenye namba ya toleo huwezesha shehena nzima kufuatiliwa. Yasiyo nayo huishia kwenye pakiti moja.

Zoezi la kikundi

Mama wa Lingeka anaondoka nyumbani saa 9 usiku. Basi lake la Dar es Salaam linatoka Bariadi saa 11 alfajiri. Nyumbani ana viazi vitamu vibichi, matobolwa ya mwezi uliopita, mayai sita, unga wa mahindi, karanga kilo moja, ndizi zilizoanza kuiva na chupa ya chai moja. Ana shilingi 3,000 za kununulia vitu mjini. Andikeni atakachopika, saa atakayokipika, na saa mtoto atakapokila, hadi saa 6 usiku. Kisha jadilini: abiria jirani amemkabidhi mtoto karanga za kukaanga, na mtoto amekwisha kufumba kiganja. Mtamwambiaje jirani bila kumvunjia heshima?